Trent Jones apimwe kwa Alabama

Akitajwa Robert Trent Jones, mchoraji wa viwanja vya gofu, mbele ya wapenzi wa mchezo huo, mazungumzo huishia Oakland Hills. Uwanja huo wa Michigan uliochorwa na Donald Ross, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuurekebisha kwa ajili ya US Open, mashindano makubwa ya gofu ya Marekani, ya mwaka 1951, na akaubana hasa. Katika mashindano yote yale ni raundi mbili tu zilizomalizika chini ya kiwango cha mapigo 70: ya Clayton Heafner aliyepiga 69, na ya Ben Hogan aliyepiga 67 siku ya mwisho akachukua kombe. Hogan akasema amelipigisha magoti zimwi. Neno hilo likaganda, kwanza kwenye uwanja, kisha kwenye jina la Jones mwenyewe, hata leo wapo wanaomkumbuka kama mtu aliyeishi kwa kuwatesa wachezaji.

Mimi naona tunamwonea. Oakland Hills ilikuwa kazi ya wiki moja ya mabingwa. Kanuni aliyoihubiri maisha yake yote ilikuwa nyingine: kulimaliza shimo kwa mapigo yaliyowekwa kuwe kugumu, ila kulimaliza kwa pigo moja zaidi kuwe rahisi. Ukiwa mchezaji wa kawaida kama mimi, unajua uzito wa maneno hayo. Mbele yako kuna bwawa. Anayejiamini avuke moja kwa moja. Asiyejiamini anaachiwa njia ya nyasi pembeni, azunguke, apoteze pigo moja na mchezo uendelee. Hata sehemu za kuanzia alizirefusha kama njia za kurukia ndege, ili shimo lile lile bingwa alianzie nyuma kabisa na mzee alianzie mbele.

Wazo hilo halikutoka hewani. Jones alizaliwa Uingereza mwaka 1906, akapelekwa Marekani akiwa mtoto mdogo, akakulia Rochester, New York, na huko akawa kijana wa kuwabebea wachezaji mifuko ya fimbo. Anayebeba mfuko huwaona wachezaji wa kila aina, wengi wao wasio hodari. Alipoingia Chuo Kikuu cha Cornell hakukuta masomo ya kazi aliyoitaka, basi akajipangia yake: usanifu wa mandhari, elimu ya udongo na nyasi, maji, upimaji ardhi, uchumi, mpaka kuhutubia watu. Hapo ndipo ninapompendea. Aliingia katika kazi hii kama mkulima aingiavyo shambani, akiuliza kwanza maji yatapita wapi. Ndiyo maana tajiri Laurance Rockefeller alipotaka uwanja Mauna Kea, Hawaii, mahali palipokuwa na mwamba mweusi wa volkano tu, Jones aliona inawezekana. Aliusaga ule mwamba mpaka ukawa udongo wa kuoteshea nyasi, akavuta maji, na mwaka 1964 watu wakacheza gofu pale pale palipokuwa na lava tupu.

(Jina la Trent alianza kulitia mkazo alipojenga uwanja wa Peachtree, Atlanta, akishirikiana na Bobby Jones bingwa. Wakina Robert Jones wawili kwenye kazi moja wangewachanganya watu.)

Hadithi ya klabu ya Baltusrol, New Jersey, ndiyo ninayoisimulia zaidi. Kabla ya US Open ya 1954 alilijenga upya shimo la nne la uwanja wa Lower, pigo la kuvuka maji, na wanachama wakalalamika kwamba limepita kiasi. Jones akaenda nao hadi pale. Wenzake wakapiga, naye akachukua fimbo yake akapiga: mpira ukatua kwenye grini, zile nyasi fupi zinazozunguka tundu, ukaingia shimoni kwa pigo hilo moja. Akawageukia akawaambia kwa utulivu kuwa yeye haoni kama shimo limewaonea.

Viwanja vyake, ukijumlisha alivyovifanyia marekebisho, vinafikia takriban 500 katika nchi zipatazo 35. Morocco alimjengea Mfalme Hassan II uwanja wa Rabat katikati ya misitu ya mialoni, unaitwa Dar Es Salam, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa maana yake. Lakini 500 ni nyingi mno kwa mikono miwili. Vingine vinafanana kama ndugu, na wasaidizi wake wakubwa, kama Roger Rulewich, wanastahili kutajwa kuliko wanavyotajwa. Lawama hiyo naikubali.

Hata hivyo, kazi ninayotaka apimwe kwayo ni ile iliyokuja alipokuwa amevuka miaka 80. David Bronner, aliyekuwa mkuu wa mfuko wa pensheni wa walimu na watumishi wa umma wa Alabama, aliamua kuwekeza fedha za mfuko katika viwanja vya gofu ili jimbo lipate watalii. Rulewich akasimamia uchoraji, jina likawa la Jones, na viwanja vya mwanzo vikafunguliwa mwaka 1992. Leo ni mashimo 468 katika maeneo 11, kaskazini hadi kusini mwa jimbo, na yako wazi kwa yeyote anayelipa ada. Jones alifariki Juni 2000, siku chache kabla ya kutimiza miaka 94, akiwa ameiona kazi hiyo imesimama.

Mwalimu mstaafu wa Alabama, ambaye makato ya mshahara wake yamo ndani ya udongo ule, anaingia getini bila kuulizwa ni mwanachama wa klabu gani. Anaanzia mbele. Akifika kwenye bwawa anaangalia ng'ambo, anaangalia pembeni, kisha anachagua mwenyewe.