HKL itakupeleka wapi?

Shemeji yangu aliuliza hivyo barazani kwake Isevya, wiki moja baada ya matokeo ya kidato cha nne kutoka. HKL ni Historia, Kiswahili na Kiingereza, tahasusi (mchepuo) ya kidato cha tano na sita. Alimuuliza binti yake, lakini macho yalikuwa kwangu. Mpwa wangu kafaulu vizuri pande zote mbili, biolojia na historia, na ndiyo maana kikao kikaitishwa. Angefeli sayansi asingeulizwa kitu, angepelekwa "sanaa" kama mzigo unavyopelekwa stoo. Kabla mtoto hajafungua mdomo, baba yake akamalizia mwenyewe: "Muulize mjomba wako. Ana digrii ya historia na Kiswahili, anatoa kopi stendi."

Ni kweli. Nina steshenari ndogo karibu na stendi ya mabasi hapa Tabora mjini. Natoa kopi, naprinti, nachapa barua za maombi ya kazi, naweka vyeti vya watu lamineshi. Kwenye kesi hii mimi ni kielelezo namba moja cha upande wa mashtaka, kwa hiyo msomaji ajue mapema kwamba mwandishi ana maslahi.

Tuanze na jina, maana jina nalo limeyaponza masomo haya. Mtaani ni "sanaa", na mtu akisikia sanaa anaona ngoma na vinyago, anajiuliza mwanawe anakwenda chuo kikuu kujifunza kucheza? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Ndaki ya Insia. Neno zuri, ila sijawahi kumsikia mteja wangu hata mmoja akilitamka. Insia ni lugha, fasihi, historia, falsafa, elimu ya dini, akiolojia, muziki, uchoraji: masomo yanayomtafuta binadamu katika alichosema, alichoandika, alichojenga na alichoacha kaburini. Jiografia ina mguu huku na mguu kule. Mtu wa fizikia anauliza kitu kinafanyaje kazi. Mtu wa insia anauliza huyu aliposema hivi alimaanisha nini, alikuwa anamwambia nani, na alitaka kupata nini.

Hoja za shemeji si za kupuuza. Serikali ilipoanzisha ufadhili wa Samia Scholarship mwaka 2022, pesa zilikwenda kwa waliong'ara kidato cha sita kwenye masomo ya sayansi. Matangazo ya ajira za ualimu kwa miaka yametanguliza fizikia na hisabati, na mwalimu wa historia amebaki kuzunguka na bahasha yake ya vyeti. Bahasha hizo nazijua, nyingi zimetoka dukani kwangu. Zahanati ya kijijini haijawahi kukwama kwa kukosa mchambuzi wa mashairi, inakwama kwa kukosa tabibu. Familia yenye watoto wanne na ekari tatu za tumbaku haiuzi ng'ombe ili mtoto akapanue mawazo. Nikiiangalia hoja hiyo kwa macho ya mzazi, sioni pa kuivunja. Na wale wanaoijibu kwa kusema "elimu si ajira", wengi wao nimeona wana ajira.

Ila kuna jambo halipiti mezani kwa shemeji, linapita kwangu.

Mwaka jana kabla ya mvua alikuja mkulima kutoka upande wa Sikonge kutoa kopi mkataba wa mkopo wa pembejeo. Kurasa nne, Kiingereza kitupu, na keshasaini. Nilipokuwa napanga karatasi akaweka kidole chini ya mstari mmoja: "Hapa wameandikaje, bwana?" Nikasoma. Wakopaji wote wa kikundi wanawajibika kwa deni kwa pamoja na kila mmoja peke yake. Nikamweleza. Akanyamaza, akaangalia nje kwenye bodaboda, kisha akauliza, "Kwa hiyo nikimaliza la kwangu, bado?"

"Bado. Wenzako wawili wakishindwa, tumbaku yako ndiyo itakatwa."

"Mbona kwenye mkutano walisema tunadhaminiana tu?"

Walimwambia kweli. Lakini "kudhaminiana" kwa masikio yake ni neno la ujirani, la watu wanaosaidiana kuchimba kisima, na mstari ule ulikuwa neno la deni. Masomo ya lugha yanaishi katika pengo hilo. Bwana shamba anaweza kumwambia ekari yake itatoa kilo ngapi, na asikosee. Kilo hizo hazimwambii zitalipa deni la nani.

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na mahakama. Hatua kubwa, sina ubishi. Karatasi za mikopo ninazotoa kopi bado nyingi ni za Kiingereza, na zile za Kiswahili, nyingine zimetafsiriwa kwa mabavu kiasi kwamba mkulima anarudi kuniuliza maana ya Kiswahili chake mwenyewe. Kuandika sentensi ya sheria ambayo mtu wa Sikonge ataielewa mara ya kwanza ni kazi ya ufundi kama ya kufunga mita ya umeme, na ina watu waliosomea.

Mfano mwingine sitausahau. Niliitwa baraza la ardhi la kata kwa sababu mimi ndiye niliyechapa barua ya upande mmoja. Siku hizi mabaraza hayo kazi yao ni usuluhishi. Ugomvi ulikuwa wa watoto wa ndugu wawili, shamba la ukoo njia ya kwenda Kwihara, lenye miembe mitatu. Mzee wa upande wa kwanza akasema, "Mwembe mkubwa babu aliupanda mwaka treni ilipofika." Upande wa pili wakacheka. Treni ilifika Tabora mwaka 1912, na kila mtu kwenye ukoo anajua kwamba wakati huo babu alikuwa Tanga kwenye mkonge, akarudi baada ya vita ya Mjerumani. Mzee muongo, mambo kwisha. Katibu, kijana wa kidato cha sita, alishaandika 1912 kwenye daftari.

Mwenyekiti, mama wa darasa la saba, hakucheka. "Mzee wangu, treni ipi? Ya kutoka Dar, au ile ya Mwanza ilipoanza?"

Mzee akafikiri kidogo. "Ya Mwanza. Mama alikuwa akisema ya Mwanza."

Reli ya Mwanza ni ya mwaka 1928. Hadithi mbili zilizokuwa zinauana zikakaa mkeka mmoja, na kilichobaki kugombaniwa ni mpaka wa hatua kama kumi na mbili. Mpima ardhi alikuja baadaye na mashine yake, akamaliza kwa saa moja, na hakuna aliyebishana na namba zake. Lakini bila swali la yule mama asingejua aanzie mwembe upi.

Nilipomsimulia shemeji alipiga makofi. "Umeona? Darasa la saba! Sasa digrii ya nini?" Nikakiri kwamba hapo alinishika. Kama mama yule anaweza kuhakiki ushahidi kwa sentensi moja, jambo nililofundishwa muhula mzima, chuo kinaongeza nini? Nimelifikiria sana, na jibu langu ni dogo: mama yule amelelewa na watu waliohesabu miaka kwa treni, kwa njaa na kwa nzige. Wanaondoka. Mwenyekiti atakayemfuata anaweza kuwa na akili kuliko yeye, na bado asijue kwamba treni zilikuwa mbili. Lazima mtu mahali fulani alipwe kwa kukumbuka.

Lakini je, shule zetu zinamwandaa mtu huyo? Hapa ndipo ninapokubaliana na shemeji kuliko anavyodhani. Nawachapia walimu mitihani, kwa hiyo naiona kabla ya wanafunzi. "Eleza sababu sita." Sita za ukoloni, sita za kushindwa kwa hiki, sita za kuanguka kwa kile. Mwanafunzi anakariri sita. Akija na ya saba aliyoifikiria mwenyewe, mwongozo wa kusahihishia hauna nafasi yake. Fasihi nayo ni dhamira, falsafa, ujumbe, zimepangwa kama dawa kwenye boksi. Kijana anaweza kumaliza HKL na daraja la kwanza bila kufika Kwihara kwenye makumbusho ya Livingstone, mwendo wa bodaboda tu kutoka darasani kwake, na bila kuweza kuusoma ule mkataba vizuri kuliko mwenzake wa PCB (fizikia, kemia na biolojia). Wanaosema masomo haya hayana faida wamelitazama darasa, na kuhusu darasa wana haki. Wanachokosea ni kudhani darasa hilo ndilo insia yenyewe.

Chukua Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi wa karne ya kumi na tisa. Mwaka 1871 Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta Livingstone, alikuwa hapa Unyanyembe akiwasaidia Waarabu kupigana naye, wakapigwa, na katika maandishi yake ya wakati ule Mirambo ni jambazi la njiani. Mwaka 1876 wakakutana ana kwa ana, wakachanjiana udugu, na ghafla Mirambo huyohuyo ni mtu mpole, mwenye adabu. Miaka mitano tu. Kilichobadilika zaidi ni alichohitaji mwandishi: mara ya kwanza njia ilikuwa imefungwa, mara ya pili alitaka ipitike. Mwanafunzi akilionja hilo mara moja, hatasoma tangazo la mkopo wa kwenye simu kama alivyolisoma jana. (Na sisi wenyewe, shule yetu inaandikwa Milambo, kambi ya jeshi Mirambo. Hata herufi hatujakubaliana.)

Ndiyo maana nina wasiwasi kidogo na somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili, ingawa nafurahi kwamba wote watalisoma, wa sayansi kwa wa sanaa. Historia ikifungwa kamba moja na maadili, Mirambo atatakiwa awe shujaa. Alijenga dola na kuishika njia ya misafara, kweli. Rugaruga wake, yaani askari wake, waliogopwa na Wanyamwezi wenzao kabla ya mgeni yeyote, nayo ni kweli. Somo la kweli la kihistoria linamwacha mtoto na vyote viwili mkononi, likampa tabu.

Tabora tuna mfano bora zaidi wa tabu hiyo. Januari 1958 TANU ilikutana hapa kuamua kama itashiriki uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Wengi walitaka kususia. Nyerere akatetea kushiriki na hoja yake ikashinda. Zuberi Mtemvu akajitoa na kuanzisha chama chake. Shemeji anasema pale Nyerere alipiga hesabu tu. Alipiga, ndiyo. Hesabu ilimwambia kura zinaweza kutosha. Haikumwambia kama ni halali kumeza sheria ya dharau ili uipindue ukiwa ndani. Tunauita Uamuzi wa Busara kwa sababu TANU ilishinda. Ingeshindwa, huenda leo tungekuwa na shule inayoitwa Mtemvu. Sijawahi kuchapa mtihani unaomwomba mwanafunzi aitetee hoja ya Mtemvu.

Kwa hiyo nilimwambia nini mpwa wangu? Kwamba baba yake hajakosea kuhusu mshahara. Kwamba akienda HKL ili akimbie namba, asiende. Na akienda PCB, siku moja atamweleza mgonjwa wa Kinyamwezi habari mbaya, na hiyo sura haimo kwenye kitabu cha biolojia. Akaniuliza, "Mjomba, ungerudi nyuma ungechagua nini?" Nikasema HKL, kisha mteja akaingia na kitambulisho cha kutoa kopi, pande zote mbili, shilingi mia mbili.

Jioni tulifungua Selform, mfumo wa serikali wa kuchagulia tahasusi, kwenye kompyuta ya dukani, akapanga tahasusi zake mwenyewe bila kuniuliza. Dirisha la kubadilisha linafungwa wiki ijayo. Shemeji amenipigia mara mbili kuuliza paswedi ya binti yake. Nimemwambia siijui.

Naijua.