Vumbi la Karijini

Jamani, hili vumbi jekundu la hifadhi ya Karijini, huku Australia Magharibi, linapitia wapi? Trela letu la kulalia tumefunga zipu zote, matundu tumeziba kwa selotepu, bado usiku nafungua kopo la sukari naikuta imegeuka rangi ya tofali. Mto, mswaki, hadi ndani ya soksi zilizokunjwa! Najua, udongo una chuma kilichoshika kutu, ndiyo uzuri wenyewe wa yale makorongo watu wanayopiga picha. Sawa. Mbona halitoki sasa? Tumeteremka hadi pwani, Cape Range, upepo mkali kutoka baharini kwenye matumbawe ya Ningaloo, nikajua litapeperuka. Wapi! Mchanga mweupe nao umekuja kujumuika kitandani. Na shuka zenyewe mpya.