Silaha Hazijipeleki Zenyewe

Historia haijawatendea haki wabunge wa Marekani waliopinga Sheria ya Kukopesha na Kukodisha mwaka 1941, iliyoruhusu kuipa Uingereza silaha bila kulipa taslimu katika vita vyake na Ujerumani ya Hitler. Wanakumbukwa kama watu wasioona mbali, waliotaka kuiacha Uingereza izame peke yake. Mimi naona walikosea kura, lakini hali waliisoma vizuri kuliko Rais Roosevelt alivyokuwa tayari kukiri hadharani.

Tangu Novemba 1939 Uingereza iliruhusiwa kununua silaha Marekani kwa masharti mawili: ilipe taslimu, na mzigo ibebe yenyewe. Meli za Marekani zilikatazwa kuingia maeneo ya vita. Sharti la pili ndilo lililokuwa na akili. Waliolitunga hawakuwa wamesahau mwaka 1917, meli za Marekani zilipozamishwa na nyambizi za Wajerumani na nchi nzima ikavutwa vitani.

Mwishoni mwa 1940 fedha za Waingereza zilikuwa zinakauka. Septemba walishapewa manowari 50 kuukuu, na Marekani ikapata haki ya kuweka kambi za kijeshi kwa miaka 99 kuanzia Newfoundland hadi Guiana (ukiniuliza mimi, aliyefaidi hapo ni Mmarekani). Desemba, Churchill, Waziri Mkuu wa Uingereza, akamwandikia Roosevelt kwamba wakati unakaribia ambapo hataweza tena kulipa. Roosevelt akawaeleza waandishi wa habari ule mfano wake wa jirani anayeunguliwa na nyumba: humuuzii mpira wa maji, unamwazima, naye ataurudisha moto ukizimika.

Mfano mtamu. Ila jirani huyu alikuwa ng'ambo ya Atlantiki, na njiani nyambizi zilikuwa zinawinda. Kuna faida gani kutoa vifaa vya mabilioni ya dola halafu vikaishia chini ya bahari? Wapinzani waliliona hilo mapema. Ndiyo maana sheria iliyotiwa saini tarehe 11 Machi 1941 ina kifungu kinachosema wazi kwamba hakuna humo ruhusa ya manowari za Marekani kusindikiza misafara ya meli.

Kifungu hicho hakikumaliza hata miezi saba. Aprili, Roosevelt alisogeza mbali mpaka wa doria za manowari zake, akisisitiza kwamba doria si kusindikiza. Julai, wanajeshi wake wakatua Iceland. Tarehe 4 Septemba manowari ya Marekani Greer ikaifuatilia nyambizi ya Kijerumani kwa saa kadhaa, ikiielekeza ndege ya Uingereza mahali ilipo. Ndege ikadondosha mabomu, na hatimaye nyambizi ikafyatua topido. Wiki moja baadaye Roosevelt aliwaambia wananchi kwamba Wajerumani ndio walioanza kufyatua. Habari ya ndege aliiacha. Hapo ndipo ninapokosana naye, maana mwezi huohuo kusindikiza kulianza rasmi. Oktoba, mabaharia 11 wakafa ndani ya manowari Kearny, na tarehe 31 manowari Reuben James ikazamishwa na Wajerumani na kuua watu 100 au zaidi, wakati nchi yao haijatangaza vita na yeyote.

Pamoja na hayo, ningepigia kura msaada. Naamini Uingereza iliyoishiwa silaha ingelazimika kutafuta suluhu na Hitler, na hapo Marekani ingebaki ikitazamana naye. Ninachokataa ni kuwaambia watu kwamba ukitoa silaha umenunua usalama wa kukaa pembeni. Roosevelt angeweza kusema: tunatoa, na huenda tutakufa tukizipeleka.

Huenda aliogopa angeshindwa. Katikati ya Novemba, damu ya Reuben James ikiwa bado mbichi, Baraza la Wawakilishi lilipitisha kura ya kuruhusu meli za biashara zifungwe silaha za kujilinda na kuingia maeneo ya vita kwa 212 dhidi ya 194 tu. Hata baada ya Japani kuishambulia kambi ya Pearl Harbor mwezi Desemba, Marekani ilitangaza vita dhidi ya Japani peke yake. Ujerumani ndiyo iliyotangulia kuitangazia Marekani vita, tarehe 11 Desemba.