Konfigi ya nani? Debian inauliza, RPM inapita kimya

Kama umewahi kuapgredi seva ya Debian (aina ya Linux) lazima umekutana na lile swali: faili fulani ya /etc, folda ya konfigi yaani mipangilio, uliigusa wewe na mwenye pakeji naye kaleta mpya, sasa bonyeza Y uchukue ya kwake, N ubaki na yako, D uone tofauti. Wengi tunapiga enta tu, na enta maana yake N.

Mi naona hilo swali linatukanwa bure. dpkg, programu ya Debian inayosakinisha pakeji, inatunza md5sum (alama ya kutambua kama faili imebadilika) ya faili kama ilivyokuja na pakeji, kwa hiyo kama hujagusa inabadilisha kimyakimya, kama umegusa wewe na yeye hajaleta kitu kipya inaiacha ilivyo, mkigusa wote wawili ndo inauliza. Hiyo ni haki kabisa. Na mjenzi wa pakeji wala hahangaiki, chochote anachoweka /etc, debhelper (zana ya kujengea pakeji) inakiandika yenyewe kwenye conffiles, orodha ya faili za konfigi ambazo dpkg inazilinda hivyo. Balaa linaanza akijifanya mjanja akatia sed (amri ya kubadilisha maandishi) kwenye postinst, skripti inayokimbia baada ya kusakinisha, ibadilishe namba ya port humo humo ndani ya conffile (nilishafanya huo ujinga, mniwie radhi), apgredi inayofuata mtu anaulizwa kuhusu mabadiliko ambayo hata hayajui. Policy ya Debian, yaani kanuni zake za pakeji, inakataza hiyo kitu waziwazi.

Sasa ukiwa na seva 200 zinajiapdeti saa nane usiku nani atabonyeza N? Halafu ukiweka DEBIAN_FRONTEND=noninteractive unadhani umemaliza, kumbe hiyo ni ya debconf (kile chombo kingine cha kuuliza maswali ya usakinishaji), dpkg yenyewe inataka --force-confdef na --force-confold (fuata difolti, isipokuwepo bakiza faili ya zamani) la sivyo itakuuliza tu. Hapo watu wa RPM (pakeji za Red Hat, Fedora na wenzao) wanatucheka, kwao hakuna swali, mjenzi ameshaamua kwenye spec, faili ya maelekezo ya kujenga pakeji. Akiandika %config tupu na faili imebadilika pande zote mbili, yako inasogezwa kuwa .rpmsave na mpya inakalia kiti. Akiandika %config(noreplace) yako inabaki, mpya inawekwa pembeni kama .rpmnew.

Noreplace inaonekana ya kistaarabu na ukinilazimisha nichague moja nitachagua hiyo, ila ina sumu ya taratibu. Piga find /etc -name '*.rpmnew' kwenye mashine ya miaka minne uone makaburi. Siku programu ikifuta opsheni ya zamani, sevisi inagoma kuwaka na dawa ilikuwa imelala hapo hapo jirani tangu mwaka juzi, hakuna aliyeifungua. Kutoulizwa sio kwamba mgogoro haukuwepo, umeahirishwa tu.

Kwa anayejenga pakeji leo naona bora akwepe huu ugomvi, difolti akaziweke /usr/lib, mtumiaji aachiwe folda ya .d huko /etc aweke vijifaili vyake, kama systemd (msimamizi wa sevisi za Linux) inavyofanya, na hata seva ya OpenSSH, sshd, ya kuingilia mashine kwa mbali, tangu 8.2 ya 2020 ina Include ya kuvuta vijifaili hivyo. Lakini nako kuna mtego: sshd inashika thamani ya kwanza iliyokutana nayo, systemd inashika ya mwisho, na vijifaili vinasomwa kwa mpangilio wa majina, kwa hiyo 99-yangu.conf inayoshinda kwenye systemd, kwenye sshd inapigwa na 50 ya mtu mwingine na unabaki unaapa kwamba umezima kuingia kwa pasiwedi. Usibishane na faili, piga sshd -T uone sshd yenyewe ikizisoma inaamini nini.