Burse kamili ya nje au kujiandikisha hapa Lubumbashi: kipi kitangulie?

Matokeo ya Mtihani wa Serikali yakishatoka, nyumba nyingi za Katuba, Ruashi na Kampemba huingia kwenye mjadala uleule: pesa za chuo zitatoka wapi? Kuna wanaosema mtoto akae nyumbani mwaka mmoja atafute burse kamili (ufadhili wa masomo) ya kwenda nje, maana hapa familia italipa mpaka ikauke. Wengine wanasema ajiandikishe mara moja, UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) au kwenye taasisi nyingine ya juu, na burse aitafute huku anasoma. Pande zote mbili zina ukweli. Lakini gharama za kila upande hazifanani, na wazazi wengi huchagua kabla ya kuzipiga hesabu.

Tuanze na wanaosema tusubiri, kwa sababu hoja yao ina nguvu kuliko inavyosemwa. Enzi za UNAZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire), kati ya 1971 na 1981, mwanafunzi wa chuo kikuu alipewa burse na Serikali. Leo mzigo uko kwa wazazi: gharama za kuandikishwa, minervali (ada ya masomo) kwa transhi, yaani kwa awamu, gharama za kuingia mtihani, daftari, usafiri wa kwenda Kasapa, kampasi ya UNILU. Burse kamili huufuta mzigo huo wote kwa mara moja. Türkiye Bursları ya Uturuki, kwa mfano, hulipa ada ya chuo, malazi, bima ya afya, tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi, posho ya kila mwezi na mwaka mmoja wa kujifunza Kituruki. Burse ya Serikali ya China nayo hufundisha lugha kwanza wale wanaoanza ngazi ya licence (shahada ya kwanza). Kwa mtoto ambaye wazazi wake hawawezi hata transhi ya kwanza, kumwambia "jiandikishe tu" si ushauri.

Tatizo liko kwenye kalenda. Dirisha la Türkiye Bursları hufunguliwa kwa kawaida tarehe 10 Januari na kufungwa 20 Februari. Anayeomba ngazi ya licence awe chini ya miaka 21, awe na angalau 70%, na kwa udaktari wa tiba 90%. Sasa linganisha na alama zetu. Kwenye Mtihani wa Serikali mtu anafaulu kwa 50%, na mwenye 60 na kitu anapongezwa mtaa mzima. Huyo wa 62% anaondolewa kabla barua yake haijasomwa. Kuna mlango mdogo: masharti yanakubali wastani wa sekondari au alama ya mtihani wa taifa, kwa hiyo mwanafunzi ambaye buletini zake (ripoti za alama za shule) ni nzuri kuliko diploma yake ya Mtihani wa Serikali atumie buletini. Hili wengi hawalijui, wanajaza asilimia ya diploma wanafunga shauri.

Na kuna jambo kubwa zaidi. Burse hii inawapokea hata wanaotarajia kumaliza sekondari mwaka huohuo. Maana yake, wakati wake mzuri ni Januari ya mwaka wa mwisho wa humanités (sekondari ya juu), mtoto akiwa bado darasani. Anayeanza kutafuta baada ya matokeo kutoka, atasubiri hadi Januari dirisha lifunguke, kisha miezi ya kuchujwa na usaili, na akichaguliwa ataondoka karibu na Septemba. Mwaka mzima umewekwa juu ya ombi moja au mawili ambayo yanashindaniwa na vijana wa dunia nzima. Kusubiri kwa namna hiyo, bila kazi, bila somo la lugha, ni ghali kuliko transhi ya kwanza, ingawa hakuna anayeandika deni lake popote.

Upande wa pili nao usijisifu mapema. Msaada wa hapa nyumbani upo, lakini ni wa vipande. Programu ya Excellentia ya Fondation Denise Nyakeru Tshisekedi huchukua walioongoza Mtihani wa Serikali. BEBUC, iliyoanzishwa na Profesa Gerhard Bringmann wa Würzburg, Ujerumani, pamoja na Profesa Virima Mudogo wa Kinshasa, hutafuta wanafunzi bora sana wa vyuo vya Kongo, na njia ya kuifikia hupitia kwa walimu wanaokupendekeza. Zote mbili ni za wachache wa juu kabisa. Mwanafunzi wa kawaida mwenye bidii anabaki na parokia, mjomba, na migodi.

Kuhusu migodi, tuseme wazi maana hapa matumaini ni mengi kuliko habari. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kampuni itoe angalau 0.3% ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na mgodi, na 15% ya mrabaha wa madini iende kwenye komini, sekta au sheferi ya mahali madini yanapochimbwa. Pesa hizo zinaweza kulipia masomo, iwapo jamii yenyewe imeliweka jambo hilo kwenye makubaliano yake na kampuni. Lakini ni za jamii za jirani na mgodi. Kijana aliyezaliwa komini ya Kenya hapa mjini hawezi kudai fungu la mgodi wa Fungurume kwa sababu tu shaba hupita kwa malori barabarani kwake. Yule ambaye familia yake kweli iko kule, atafute hati ya makazi kutoka kwa chifu au komini, aandike barua kwa kamati inayosimamia fungu hilo, na apeleke nakala mbili: moja aiache, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, arudi nayo. Bila muhuri huo, ombi lako halijawahi kufika, hata kama ulilikabidhi mkononi.

Msaada wa vipande una kasoro nyingine: unachelewa. Transhi ikipita bila bordero (risiti ya malipo) ya benki, jina lako linaweza kukosekana kwenye orodha ya mtihani, na pesa za mfadhili zikija mwezi wa tano hazirudishi mtihani uliokwisha. Ndiyo maana ni heri kumwomba mfadhili transhi moja maalumu, kwa tarehe yake na kiasi chake, ailipe moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo. Barua inayosema "naomba kusaidiwa masomo" humwachia mfadhili kazi ya kukisia. Inayotaja kitivo, mwaka, kiasi kilichobaki na siku ya mwisho hupata jibu haraka, hata jibu likiwa hapana.

Wanaosubiri wana hoja moja ambayo upande wa kujiandikisha haupendi kuisikia: mwaka wa kwanza mbaya unachafua dosye (faili la maombi). Kijana anayeingia polytechnique (uhandisi) kwa sababu tu ndiko wenzake waendako, akatoka na 8 juu ya 20, ataibeba releve hiyo (karatasi ya alama) katika kila ombi atakaloandika baadaye, maana wafadhili wanataka releve za miaka yote. Hoja hiyo ni ya kweli, ila inachohukumu ni uchaguzi mbaya wa kitivo. Aliyesoma pédagogique (mkondo wa ualimu) sekondari asilazimishwe kwenye hesabu ngumu kwa heshima ya familia.

Kwa maoni yetu, anayeweza kupata transhi ya kwanza ajiandikishe, na aombe burse za nje huku anasoma. Sababu yenyewe ni kwamba milango mipana zaidi iko baada ya licence. ARES, muungano wa vyuo vya Ubelgiji vinavyofundisha kwa Kifaransa, inafadhili masters na mafunzo kwa watu wa nchi zetu. Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya hutoa euro 1,400 kwa mwezi pamoja na ada. Chevening ya Uingereza inataka saa 2,800 za kazi, yaani kama miaka miwili, na ahadi ya kurudi nyumbani. Eiffel ya Ufaransa huombwa na chuo cha kule kwa niaba yako. Ukituma dosye mwenyewe kwa watoaji, haina pa kwenda. Hakuna hata moja kati ya hizi inayomtazama mtu aliyekaa nyumbani na diploma ya sekondari. Wanamtazama mwenye credit 180 za licence katika mfumo wa LMD (licence, master, doctorat) na wastani mzuri. 14 au 15 juu ya 20 inaanza kusikika. Kwa sababu wageni huiona 14 yetu kuwa ndogo, omba chuo kikupe karatasi inayoeleza ngazi zetu za alama, uiambatanishe.

Asiyeweza hata transhi hiyo, asubiri, lakini kwa kazi na kwa darasa la Kiingereza, na aangalie pia vyuo vya Marekani. Fomu ya FAFSA, ya kuomba msaada wa fedha wa serikali ya Marekani, inatajwa sana mitandaoni, lakini si ya mgeni anayeomba kutoka huku, usiijaze. Wageni hujaza CSS Profile (fomu ya hali ya fedha ya familia) au fomu ya chuo chenyewe, na vyuo vichache kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst havimkatai mgeni kwa sababu ya umaskini. Ushindani ni mkali mno, na maombi mengi hufungwa mwanzoni mwa Januari.

Fomu hizo huangusha watu wetu kwenye bajeti ya nyumba. Chukua mfano wa mama anayeuza makala, yaani makaa ya kupikia: faida ya franga 70,000 kwa wiki, yaani 280,000 kwa mwezi, ambayo tukichukulia dola moja kuwa franga 2,800 ni dola 100. Halafu mtoto anaandika kodi dola 50, chakula 90, shule za wadogo 30. Msomaji wa kule anaona nyumba inayotumia 170 kutoka 100, anadhani amefichwa kitu. Kumbe mjomba wa Kolwezi hutuma 40 na mahindi ya shamba yanalisha nyumba miezi kadhaa. Viandike vyote viwili, pamoja na thamani yake, na uongeze barua fupi ya maelezo kwa kuwa mama hana karatasi ya mshahara.

Dosye nyingi hufa kwa mambo madogo kuliko alama. Majina ndiyo ya kwanza: sisi tuna jina, postnom (jina la pili) na prénom (jina la kwanza la Kizungu), fomu za kigeni zina nafasi mbili. Andika kama pasipoti inavyoandika, na kama huna pasipoti, kama diploma, na usibadilishe mpangilio kutoka fomu moja hadi nyingine. Ya pili ni kwenye siba (duka la intaneti): mwenye kompyuta anakufungulia anwani ya barua pepe, nywila anabaki nayo yeye, na mwaliko wa usaili unakuja hakuna anayeuona. Fungua yako kwenye simu yako. Ya tatu ni profesa mwenye wanafunzi mia tatu asiyekujua uso: mpelekee mwezi mmoja kabla karatasi yenye alama zako katika somo lake, kazi uliyomfanyia, na tarehe ya mwisho.

Mtu akidai pesa kwa M-Pesa au Airtel Money "ili dosye ifunguliwe", ondoka. Türkiye Bursları na Chevening hazitozi chochote kuomba. Gharama halali zipo, kama tafsiri ya kuapishwa, nakala za notari, mtihani wa lugha, viza, na ada ya maombi ya baadhi ya vyuo, lakini ada hiyo hulipwa kwenye tovuti ya chuo chenyewe na risiti huja kwa jina lako. Kugonga mihuri ya kuhalalisha ya Kinshasa kwa karatasi zote kabla hujachaguliwa si lazima kwa burse nyingi. Soma masharti kwanza, maana hatua hiyo mara nyingi hudaiwa kwa waliopita tu.