Siku Mugabe Alipoondoka, Nani Alipewa Asante?

Sina subira na watu wanaowacheka Wazimbabwe kwa kucheza barabarani Novemba 2017. Kila mtawala wa kimabavu anapoanguka, ikipita miaka miwili mitatu hujitokeza mabingwa wa "si tuliwaambia?", kana kwamba waliocheza walikuwa watoto waliohongwa pipi. Hawakuwa watoto. Walijua walichokuwa wakikishangilia, na walikuwa na haki ya kukishangilia.

Kumbuka ilivyokuwa. Jumanne ya tarehe 21, wabunge wakiwa katika kikao cha kumwondoa Robert Mugabe madarakani, Spika Jacob Mudenda alisimamisha mjadala akasoma barua: mzee amejiuzulu. Ukumbi ukalipuka. Muda si mrefu Harare nzima ilikuwa nje. Honi, vigelegele, bendera, watu wamekaa juu ya magari, wengine wanalia huku wanacheka. Mzee wa miaka 93 aliyeshika nchi tangu uhuru wa 1980, kwanza kama waziri mkuu kisha kama rais, alikuwa ameondoka. Mtu aliyezaliwa mwaka wa uhuru alikuwa na miaka 37 na hajawahi kuona mwingine akitawala.

Tena watu hao walikuwa wameshajaribu njia ya heshima. Machi 2008 walipiga kura, na kiongozi wa upinzani, Morgan Tsvangirai, akamzidi Mugabe katika duru ya kwanza. Jibu walilopata lilikuwa kipigo. Wafuasi wa upinzani walipigwa, wakachomewa nyumba, wakauawa, mpaka Tsvangirai akajitoa kabla ya duru ya pili, na Mugabe akabaki kushindana na jina lililoachwa tu kwenye karatasi ya kura. Wakati huohuo pesa yao ilikuwa inakufa mikononi. Mapema 2009 benki kuu ilitoa noti ya dola trilioni mia moja, na watu wakaikimbia wakatumia dola za Marekani. Ukimwambia mtu aliyepita humo asicheze siku Mugabe anaondoka, kwa kweli unamwonea.

Kwa hiyo ngoma ile siigusi. Kinachonikera ni ile asante.

Jumamosi ya tarehe 18, siku tatu kabla ya barua ile, maelfu kwa maelfu waliandamana Harare kumtaka Mugabe aondoke. Ukitazama picha za siku ile utaona watu wanawakumbatia wanajeshi, wanapanda magari ya deraya kupiga selfi, wanainua mabango yenye sura ya mkuu wa majeshi, Jenerali Constantino Chiwenga. Katika mji ambao askari mwenye sare alikuwa mtu wa kupishwa njia, leo anapigwa busu. Naielewa hisia hiyo. Nilitazama nikiwa mbali, na hata mimi nilitabasamu. Lakini wanajeshi wale hawakutoka kambini kwa ajili ya wananchi, na hilo halikuwa siri. Walitoka kwa sababu tarehe 6 mwezi huohuo Mugabe alikuwa amemfukuza makamu wake, Emmerson Mnangagwa, na njia ya mkewe Grace kuelekea ikulu ikaonekana nyeupe. Ugomvi ulikuwa wa ndani ya chama tawala, ZANU-PF, nani amrithi mzee, na jeshi likachagua upande wake.

Alfajiri ya tarehe 15, Meja Jenerali Sibusiso Moyo alitokea kwenye televisheni ya taifa akiwa na sare zake, akasema jeshi halijatwaa serikali, linawafuata tu wahalifu waliomzunguka rais. Yaani rais mwenyewe hana neno, shida ni marafiki zake. Hilo peke yake lilitosha kumwambia kila mtu kwamba aliyekuwa akihukumiwa hakuwa mfumo uliowapiga watu mwaka 2008. Na ungewezaje kuhukumiwa? Chiwenga, ambaye picha yake ilikuwa inainuliwa mabarabarani, ndiye aliyetangaza kabla ya uchaguzi wa 2008 kwamba hatamuunga mkono mwingine yeyote isipokuwa Mugabe.

(Jumapili ya tarehe 19 Mugabe alihutubia taifa, majenerali wamekaa pembeni yake, kila mtu anasubiri neno la kujiuzulu. Halikuja. Alimaliza hotuba kwa "asante sana", kwa Kiswahili kabisa, na Wazimbabwe wakaigeuza kuwa kichekesho cha kuchapishwa kwenye fulana. Hata katika wiki ile watu hawakukosa utani.)

Malipo ya asante yalikuja haraka. Mnangagwa aliapishwa tarehe 24. Katika baraza lake la kwanza, Moyo yule wa televisheni akawa waziri wa mambo ya nje, na mkuu wa jeshi la anga, Perrance Shiri, akapewa kilimo. Kabla mwaka haujaisha Chiwenga alikuwa makamu wa rais. Shiri, kwa wasiomfahamu, ndiye aliyeongoza kikosi cha jeshi kiitwacho Brigedi ya Tano kilipoingia Matabeleland, magharibi mwa nchi, mwaka 1983, katika mauaji yanayoitwa Gukurahundi, ambayo inakadiriwa yaliua watu wapatao 20,000. Mnangagwa alikuwa waziri wa usalama wa taifa wakati huo. Sijui ni kwa moyo gani mtu wa Bulawayo, jiji kuu la Matabeleland, aliyepoteza baba yake miaka ile aliambiwa ashangilie "enzi mpya" yenye majina hayohayo.

Kisha Agosti mosi 2018, siku mbili baada ya uchaguzi, watu waliingia barabarani Harare kulalamika kwamba matokeo yanacheleweshwa. Jeshi likaitwa. Askari wakafyatua risasi katikati ya jiji, watu sita wakafa. Ilikuwa miezi tisa tu tangu zile selfi. Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Hapa aliyetoa mateke ni yule aliyeshukuriwa. Januari 2019 bei ya mafuta ikapandishwa, watu wakaandamana, wakapigwa risasi tena, na intaneti ikazimwa.

Hapo ndipo lilipoanza kusikika lile neno ambalo hata mimi sikulitegemea mapema vile: afadhali ya Mugabe. Alipofariki Singapore Septemba 2019, akiwa na miaka 95, wapo waliomlilia kwa dhati, na wapo waliosema tu kwamba wakati wake mkate ulipatikana, jambo ambalo mtu wa mwaka 2008 angelicheka. Serikali iliyomng'oa ikamtangaza shujaa wa taifa. Uwanja wa ndege wa Harare ulikuwa umeshapewa jina lake tangu 2017, na siku yake ya kuzaliwa ikafanywa sikukuu. Tafakari hilo kidogo: wanamwondoa mtu kwa vifaru, halafu mwezi huohuo wanamtengea sikukuu. Wewe unaweza kuiita heshima kwa mzee. Mimi naona ni watu waliojua fika kwamba jina likichafuka, uchafu utawarukia na wao.

Misri ilishapita njia hii. Februari 10, 2011 Hosni Mubarak alihutubia akakataa kuondoka, na watu waliojaa uwanja wa Tahrir, Cairo, wakamwinulia viatu. Kesho yake jioni makamu wake, Omar Suleiman, akatangaza kwamba ameondoka, na uwanja ukawa bahari ya furaha. Kilichoimbwa ni kwamba jeshi na wananchi ni mkono mmoja. Madaraka yakawa yamekwenda kwa baraza la majenerali, na umati ukashika mafagio kusafisha uwanja. Machi 9, hata mwezi haujatimia, mkono ule mmoja uliwaondoa kwa nguvu waliobaki Tahrir, ukawakamata na kuwatesa ndani ya eneo la jumba la makumbusho lililo jirani. Mubarak mwenyewe alipofariki mwaka 2020 alizikwa kwa heshima za kijeshi.

Wasudani waliliona hilo wakajifunza, na nadhani hawajasifiwa vya kutosha kwa hilo. Tarehe 11 Aprili 2019 waziri wa ulinzi Awad Ibn Auf alipotangaza kwamba Omar al-Bashir ameondolewa baada ya miaka 30, watu waliokuwa wamekaa mbele ya makao makuu ya jeshi Khartoum walifurahi kwa muda mfupi, kisha wakauliza: wewe ni nani? Wakagoma kurudi nyumbani. Kilio chao cha "aanguke, basi" kikageuka "aanguke tena", na kesho yake Ibn Auf akaachia ngazi. Kwa maoni yangu ile ndiyo mapokezi yenye akili kuliko yote kwa habari ya kuanguka kwa dikteta: furaha ya saa chache, halafu maswali. Haikuwaokoa. Tarehe 3 Juni kambi yao ilivamiwa na zaidi ya watu mia moja wakauawa, Oktoba 2021 majenerali wakaipindua serikali ya mpito, na Aprili 2023 wakageuziana bunduki wao kwa wao, Burhan mkuu wa jeshi na Hemedti mkuu wa wanamgambo wa RSF, juu ya vichwa vya raia. Lakini hakuna anayeweza kusema Wasudani walidanganywa. Walizidiwa nguvu, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Hapa kwetu Afrika Mashariki tuna kumbukumbu ya namna nyingine. Desemba 30, 2002 umati Uhuru Park, Nairobi, ulimzomea Daniel arap Moi mbele ya wageni, wakamrushia matope, wakaimba "yote yawezekana bila Moi". Haikuwa adabu, na wazee wengi hawakupendezwa. Ila Moi aliondoka kwa sababu katiba ilimfunga na mrithi aliyemteua akashindwa kwa kura. Hakukuwa na jenerali wa kukumbatiwa. Zilizofuata ni wiki ambazo abiria walithubutu kumzuia polisi anayedai hongo hadharani. Serikali ya Mwai Kibaki, aliyeshinda kura ile, nayo ikaingia kwenye kashfa, na ya baada ya uchaguzi wa mwisho wa 2007 tunayajua, damu na moto, sitaki kuyapamba. Lakini Novemba 2005 serikali ileile ilipoleta rasimu ya katiba, Wakenya waliikataa kwenye kura ya maoni, na rais akalazimika kuvunja baraza lake la mawaziri. Hawakuwa na fadhila ya mtu ya kulipa. Walichokileta wenyewe waliweza kukikatalia wenyewe.

Agosti 30, 2023, usiku wa kutangazwa matokeo ya uchaguzi uliomrudisha Ali Bongo, jeshi la Gabon lilimng'oa, na ukoo uliotawala tangu 1967 ukawa umefika mwisho, au tuseme hivyo ndivyo tulivyoambiwa. Libreville ilicheza. Kiongozi wa mapinduzi, Brice Oligui Nguema, alibebwa juu juu na askari wake huku raia wakimshangilia. Alikuwa mkuu wa kikosi kilichokuwa kikimlinda Bongo, tena ni jamaa yake wa damu. Aprili 2025 alishinda uchaguzi wa urais kwa zaidi ya asilimia 90 ya kura.