Fundi yule yule, tisheti nyingine

Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, joto la Februari likiwa limeshatukalia utosini, mlinzi wa getini alinipigia simu. "Dada, kuna watu wa kampuni ya AC." Nikamwambia wapandishe. Akaingia kijana na ngazi, na nyuma yake fundi wangu. Fundi wangu mwenyewe, ninayefanya naye kazi tangu 2011, aliyezuiwa kwenye geti hilohilo siku tano kabla. Safari hii kavaa tisheti ya bluu yenye nembo kifuani. Akacheka kwa aibu. "Dada, leo mimi ni kampuni."

Mimi sikucheka.

Ofisi yetu ni vyumba viwili ghorofa ya tatu, Mikocheni. Tunafunga hesabu za watu na kuwapelekea ritani zao za kodi. Tuna AC mbili, kila moja BTU 18,000, na moja ilikuwa inavuma tu bila kupoza. Fundi kafika Alhamisi na mfuko wake wa spana, mtungi wa gesi, pampu na kitambulisho cha NIDA. Getini akakuta waraka mpya wa uongozi wa jengo: hakuna kazi ya AC, umeme wala mabomba bila mkandarasi aliyesajiliwa. Leta cheti cha CRB, ile bodi ya kusajili makandarasi, leseni ya biashara, TIN, cheti cha kutodaiwa kodi, na barua. Akafunga mtungi nyuma ya pikipiki, akarudi zake Tabata.

Nikaomba uongozi wanipe majina ya kampuni wanazozikubali. Nikapiga ya kwanza. Shilingi 120,000 kwa mashine, na juu yake VAT asilimia 18. Fundi wangu huchukua 35,000, na akimaliza anafuta vumbi la ukutani. Nikakubali, ningefanyaje? Wasichana wangu wawili walikuwa wanafanya kazi na feni ya mezani inayopeperusha risiti za wateja chumba kizima.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kampuni ile, kwa kazi ya siku hiyo, ilimlipa fundi wangu 25,000 kwa mashine. Ngazi ilikuwa ya kampuni. Tisheti ya kampuni. Pampu? Ya kwake. Geji? Zake. Hata gesi alikuja nayo, watamrudishia hela mwisho wa mwezi wakijaliwa. Kwa hiyo kati ya mimi na bomba langu la shaba, kitu pekee kilichoongezeka ni kitambaa cha bluu, na bei yake nimelipa mimi.

Kabla hamjaniandikia kwamba sheria zina sababu zake: najua. Nalipwa kwa kusoma sheria za watu. Sheria ya Usajili wa Makandarasi, Na. 17 ya 1997, haikuja kwa bahati mbaya. Aliyepita Mtaa wa Indira Gandhi Machi 2013 baada ya ghorofa kuporomoka, au Kariakoo Novemba 2024, hahitaji kuelezwa kwa nini mjenzi lazima asajiliwe. Anayefunga mitambo ya kupoza hoteli nzima, asajiliwe, awe na msimamizi mwenye taaluma, alipe ada zake kila mwaka. Sina ugomvi na hilo.

Na nitakiri jingine, ingawa linaniuma. Mafundi wa mtaani si malaika. Miaka mitatu iliyopita AC ya nyumbani iliharibika fundi wangu akiwa msibani Tanga, nikaita mwingine. Akapanda ukutani, akalegeza nati kwenye mashine ya nje, gesi ikaanza kutoka psssss, ukungu mweupe na harufu ya oili, mpaka ikaisha yote. Nikamuuliza mbona anaimwaga. "Hewa tu hii, mama."

Ilikuwa R22, gesi ya kupozea ya AC za zamani. Kilo moja ya hiyo "hewa tu" inalipasha joto anga kama tani 1.8 hivi za hewa ukaa, na juu ya hapo inakula tabaka la ozoni. Ndiyo maana kuna Itifaki ya Montreal ya 1987, ambayo Tanzania imo tangu 1993, na ndiyo maana ikifika 2030 nchi kama zetu zinatakiwa ziwe zimeachana nayo, isipokuwa kiasi kidogo cha kuhudumia mashine za zamani. Yule bwana akajaza gesi mpya bila pampu. Alifungua mtungi kidogo, gesi yenyewe ikasukuma hewa iliyomo kwenye mabomba, akakaza, akachukua hela yake. Unyevu ukabaki ndani. Unyevu ukichanganyika na gesi na oili huzaa tindikali, na tindikali huitafuna kompresa polepole kama mchwa. Yangu ilikufa Aprili. Na hiyo ilikuwa R22, isiyoshika moto kirahisi. Mashine nyingi zinazouzwa Kariakoo sasa hivi zina R32, ambayo inawaka, na mafundi wetu wanaunga mabomba kwa moto. Piga picha.

Kwa hiyo ndiyo, nataka fundi wa AC awe na kibali. Nataka kuliko uongozi wa jengo letu unavyotaka. Ila niambieni: katika lile rundo walilodai getini, ni karatasi gani ingemzuia yule bwana wa "hewa tu"? CRB inaniambia kampuni ipo na ina msimamizi. Leseni ya biashara inaniambia manispaa imelipwa. TIN inaniambia TRA wanamjua. Kampuni ingeweza kuwa na vyote hivyo kwenye fremu ukutani, na yeye angekuwa palepale juu ya ngazi na nati yake, psssss. Hakuna hata karatasi moja inayouliza mkono unaoshika spana ni wa nani na unajua nini.

Kwenye umeme hili tulishalielewa. EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, inampa leseni mtu, kwa daraja lake, na sahihi ni ya kwake. (Najua, mitaani mihuri hiyo inakodishwa kama viti vya harusi. Lakini angalau kuna jina la mtu wa kumtafuta nyumba ikiungua.)

Na kinachonikera kupita yote: fundi wangu cheti anacho! Alipita kwenye ule mpango wa kurasimisha ujuzi kupitia VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wa watu waliojifunzia kazi mtaani. Alipimwa kwa vitendo, akafaulu, akapewa cheti chenye jina lake. Anakibeba kwenye plastiki ndani ya mfuko wa spana. Alhamisi ile alimwonyesha mlinzi. Mlinzi akakisoma chote, kwa heshima kabisa, akamrudishia. "Hiki cha shule, kaka. Sisi tunataka cha kampuni."

Nimeliwaza jibu hilo wiki nzima, na kila nikiliwaza namkumbuka mama yangu.

Mama alikuwa muuguzi msaidizi, na baada ya kuacha kazi akafungua duka la dawa baridi Songea. Wenye umri wangu mnayakumbuka maduka yale: kisheria panadol na dawa za kikohozi, chini ya kaunta kila kitu. Watu walikuwa wanauziwa vidonge vya amoxicillin vinne, nusu dozi, kwa sababu hela ndiyo imeishia hapo. Serikali ingeweza kuyafunga yote na kusema dawa ni famasi tu, na Ruvuma nzima ingebaki inatafuta famasi kwa tochi. Badala yake mwaka 2003 wakaanzia hukohuko Ruvuma na mpango wa Duka la Dawa Muhimu. Wakawaita wauzaji, wakawakalisha darasani wiki kadhaa, wakawapa mtihani. Mama alirudi kusoma na miwani yake iliyofungwa kwa uzi. Alipofaulu akapewa cheti, na ruhusa ya kuuza baadhi ya dawa zilizokuwa za kuficha, na mkaguzi akawa anapita kuangalia. Usiku ule alipiga pasi koti jeupe kwa mkaa, taratibu, kama anapiga nguo ya harusi.

Duka lilikaguliwa, ndiyo, sakafu na makabati. Lakini aliyepimwa ni yeye aliyesimama nyuma ya kaunta. Angetoka akamweka mtoto wa jirani auze, lingekuwa kosa, hata kama leseni ya duka iko ukutani.

Hicho tu ndicho ninachokiomba kwa gesi. Kadi ya mtu, yenye picha. Mtihani wa vitendo: onyesha unavyoikusanya gesi ya zamani kwenye mtungi badala ya kuimwaga, onyesha unavyotumia pampu, tofautisha R22 na R410A na R32, niambie kwa nini huwashi moto kwenye bomba lenye R32. Asiye na kadi asiuziwe mtungi Kariakoo. Wenye maduka watalalamika, na kadi feki zitakuwa sokoni kabla wiki haijaisha, hilo silibishi. Lakini nitakuwa nimejua nimuulize nini anayepanda ngazi yangu. Sasa hivi naishia kumuuliza "una pampu?" na kumwangalia usoni.

Halafu jengo likitaka kampuni kwa kazi kubwa, liitake. Kusafisha vichujio na kuziba tundu la gesi si kujenga daraja la Kigamboni.

Jumanne ile tuliendelea, maana kazi ilikuwa lazima iishe. Tundu lilikuwa kwenye kiungo cha bomba karibu na mashine ya nje, mdomo wa shaba umepasuka upana wa ukucha. Akaukata, akautanua upya, akakaza, akawasha pampu. Kijana wa kampuni akauliza kama dakika tano zinatosha. Fundi wangu akamwambia akae chini. Pampu ikanguruma nusu saa kwenye korido, sindano ya geji imelala chini bila kutikisika, na kijana anaiangalia kama anaangalia mpira.

Ankara imefika Ijumaa. Kuna mstari umeandikwa "huduma ya mtaalamu wetu". Mashine ya pili imeanza kudondosha maji juu ya printa, na fundi ameshanitumia ujumbe anauliza Alhamisi ijayo aje akiwa yeye au akiwa kampuni. Sijamjibu. Kwanza nakwenda kuongea na yule mlinzi.